Kuprogramu kontrolboksi la gari mezani: panga meza kwanza, mashine baadaye

Maswali ni yale yale. Mmoja ananipigia kutoka Konde, mwengine kutoka Fuoni, na juzi kijana kanisimamisha nje ya msikiti baada ya alasiri: "Fundi, mashine ya kuprogramu nishanunua, imefika na boti. Sasa naichomeka wapi?" Huyo ameezeka kabla hajajenga kuta. Mashine ni kitu cha mwisho. Kinachotangulia ni meza yenyewe, yaani umeme safi, waya zilizopangwa na njia ya kulilisha boksi, yaani kompyuta ya injini, likiwa nje ya gari. Ukiwa na meza hiyo, hata bila mashine ya bei kubwa, utaweza kusema kwa uhakika kama boksi li hai au limekufa. Hapo tu gharama yako imesharudi, kwa sababu maboksi mengi yanayoitwa mabovu hapa kwetu hayana ubovu wowote.

Naandika nikizifikiria zaidi Toyota za kutoka Japani, maana ndizo tulizonazo: Noah, IST, Vitz, Carina, RAV4, Hiace. Za Ulaya nitazigusa pale zinapokwenda njia yake. Nachukulia kwamba mita unaijua na kuchomelea waya kwa risasi unaweza. Kama bado, anzia huko, boksi la mtu lisiwe daftari lako la kujifunzia.

Jengine, nalisema mapema ili nisilirudie. Mtu akikuletea boksi na ufunguo bila gari, muombe kadi ya gari. Kisiwa ni kidogo. Gari la wizi lina mwenyewe, na mwenyewe utakutana naye Ijumaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pawa saplai ya kurekebisha, volti 0 hadi 30 na ampea 5, yenye kioo cha kuonesha ampea na kitasa cha kuweka kikomo cha ampea. Ni ile ile wanayotumia mafundi wa simu. Isiyo na kikomo usinunue.
- Betri ya gari ya volti 12, nzima, iliyojaa. Nitaeleza chini kwa nini.
- Mita nzuri, na waya zake ziwe na ncha kali.
- Soketi ya OBD ya pini 16, ile ya kuchomekea mashine ya kupimia gari, inayokaa chini ya usukani. Usinunue mpya, ikate kwenye gari la skrepa pamoja na waya zake, walau sentimita 30.
- Plagi za boksi, nazo za skrepa, zikiwa na waya ndefu. Ukipita kwa wauza spea za mtumba Mwanakwerekwe, chukua kila plagi ya kontrolboksi unayoikuta. Siku utakayoihitaji hutoiona.
- Nyumba ya fyuzi na fyuzi za ampea 3, swichi mbili za kawaida, rilei ya miguu minne ya volti 12, dayodi ya 1N4007.
- Balbu ndogo ya dashibodi, na balbu ya indiketa ya wati 21 na kikalio chake.
- Rezista mbili za omu 120.
- Waya wa milimita mraba 0.75 mwekundu na mweusi kwa umeme, na wa 0.5 wa rangi mbalimbali kwa mawasiliano.
- Laptopu ambayo betri yake inakaa saa moja bila chaja. Ile inayozima ukiichomoa haifai kwa kazi hii.
- Mchoro wa pini wa boksi lenyewe. Bila huu, funga duka ukalale.

Kuhusu mashine nitasema kidogo. Kwa kusoma kodi tu, yaani namba za hitilafu zilizomo kwenye boksi, hata kifaa cha ELM327 cha bei nafuu kinatosha kuanzia. Ikifika kwenye kusoma na kuandika mafaili, yaani programu yenyewe ya boksi, wengi hutumia Tactrix Openport 2.0, au KESS na K-TAG za Alientech wa Italia. Tunazoziona mitaani nyingi ni za kuigwa. Sikukatazi, lakini ya kuiga usiiache ikaingia intaneti kutafuta toleo jipya, kwa sababu inaweza kujifunga na isiamke tena. Na usiijaribu mara ya kwanza kwenye boksi la mteja.

Umeme wetu, kabla ya waya

Unguja inalishwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na Pemba imeunganishwa kupitia Tanga tangu 2010. Waliokuwapo Unguja wanaikumbuka ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi si hivyo, lakini kukatika dakika mbili ni jambo la kawaida, na dakika mbili ndizo zinazoua boksi. Likiwa linaandikwa, umeme ukikatika katikati, ndani yake linabaki na nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya. Halitajua kuwaka wala kuzungumza.

Ndiyo maana mimi hutumia njia mbili. Majaribio yote ya kwanza nafanya kwa pawa saplai, kwa sababu ina kikomo cha ampea na inanilinda na shoti. Nikishajua boksi liko salama, kusoma na kuandika nafanya kwa betri ya gari, isiyofungwa kwenye chaja. Betri iliyojaa inasoma kiasi cha volti 12.6, na boksi peke yake bila nozeli wala koili hula chini ya ampea 1, kwa hiyo betri ya kawaida italilisha saa nyingi. ZECO, shirika letu la umeme, wakikata, wewe unaendelea. Jenereta usiitumie kwa kuandika; umeme wake unapanda na kushuka kila friji ya jirani ikiwaka.

Hatua kwa hatua

1. Thibitisha mchoro. Soma namba kwenye kibandiko cha boksi. Kompyuta za injini za Toyota nyingi huanza na 89661, kisha kistari na tarakimu nyengine. Tarakimu hizo za mwisho ndizo muhimu: plagi inaweza kufanana sura, pini zikawa tofauti. Noah mbili za injini moja zinaweza kuwa na maboksi yasiyoingiliana. Ukishapata mchoro, tafuta majina haya: BATT ni umeme wa kudumu, IGSW ni umeme wa ufunguo, M-REL ni pini ambayo boksi lenyewe huwashia rilei kuu, +B ni umeme unaorudi kutoka rilei hiyo, E1, E01 na E02 ni hasi, VC ni volti 5 zinazokwenda kwenye sensa, W ni taa ya injini.

Chukua mita, boksi likiwa halina umeme, upime baina ya E1, E01 na E02. Kwa kawaida zinakutana ndani ya boksi na utasoma karibu na sifuri. Kisha pima BATT na +B kwenda E1: zisiwe shoti. Ukikuta sifuri hapo, ama mchoro si wake, ama kuna mtu alishageuza nyaya za betri. Usiwashe.

2. Fungua, tazama, safisha. Vitabu vya wenzetu vinatisha watu kwa umeme tuli wa mwilini. Ugusie chuma kabla ya kushika bodi, ndiyo, khasa ukiwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Lakini hewa yetu ina maji mengi, na adui aliyetuzoea ni chumvi. Toyota nyingi zinaliweka boksi nyuma ya droo ya mbele ya abiria, au karibu na miguu yake, na maji ya mvua ya masika yanayopita pembeni ya kioo hushuka huko huko. Gari linalobeba dagaa au mwani ndiyo usiseme. Tafuta ukungu wa kijani kwenye pini na kwenye miguu ya vipande. Sugua kwa mswaki laini na spiriti safi, kisha acha likauke lenyewe. Usilianike juani wala usilipulizie joto la kukaushia nywele kwa karibu.

Maboksi ya miaka ya 1990 yana ugonjwa mwengine: kapasita zinazovuja maji. Maji hayo hula njia za shaba kwenye bodi. Ukiigusa kapasita ya namna hiyo kwa chuma cha moto, inatoa harufu ya samaki. Anayefanya kazi karibu na Malindi anaweza kudhani ni upepo wa marikiti ya samaki. Badilisha kwa zenye uwezo na volti zile zile, za kustahamili nyuzi 105, na safisha bodi chini yake kabla ya kuweka mpya.

3. Jenga njia ya chanya. Kutoka chanya ya pawa saplai, waya uingie kwenye fyuzi ya ampea 3, halafu swichi ya kwanza. Hiyo ndiyo swichi kuu. Baada yake gawa mara tatu: tawi moja moja kwa moja hadi BATT, tawi la pili lipite swichi ya pili, hadi IGSW, tawi la tatu liende mguu wa 30 wa rilei. Mguu wa 87 wa rilei uende +B. Mguu wa 86 uunge na M-REL, wa 85 na hasi. Weka dayodi baina ya 86 na 85, mstari wake uwe upande wa M-REL, ili koili ya rilei ikizima isirudishe mpigo wa umeme kwenye boksi.

Wapo wanaoikwepa rilei na kuiunga +B na swichi ya ufunguo. Inafanya kazi. Mimi naipenda rilei kwa sababu moja: ukiwasha swichi na ukasikia "tak", ni boksi lenyewe limeiwasha. Hiyo ni dalili ya uhai ya kwanza, na haihitaji mashine. Kama mchoro wako hauna M-REL, rilei iwashe kwa waya wa swichi ya ufunguo.

4. Unga hasi zote. Si moja, zote: E1, E01, E02 na ndugu zake. Mtu anaunga moja, boksi linawaka, anaridhika. Baadaye mawasiliano yanakatika katikati na hajui kwa nini. E2 iache. Hiyo ni hasi ya sensa, inatoka ndani ya boksi kwenda nje, haikuwekwa kubeba mzigo.

5. Weka taa ya injini. Balbu ndogo ya dashibodi, mguu mmoja kwenye chanya inayopita swichi ya pili, mguu wa pili kwenye W. Boksi huivuta W kwenda hasi na taa inawaka. Kwenye magari mapya ambayo dashibodi inapewa habari kwa waya za CAN, zile nyaya mbili ambazo maboksi ya gari huzungumzia, pini hii huenda isiwepo. Basi, ruka.

6. Unga soketi ya OBD. Pini 16 ni chanya ya kudumu, ichukue baada ya fyuzi. Pini 4 na 5 ni hasi, unga zote mbili. Pini 7 ni laini ya K, waya mmoja wa mawasiliano; kwenye michoro ya Toyota mara nyingi pini ya boksi inaitwa SIL. Pini 6 ni CANH na pini 14 ni CANL. Unga zile ambazo boksi lako linazo. Nyaya mbili za CAN zisokote pamoja kama kamba ya usumba, na ziwe fupi. Soketi ukiitazama kwa nyuma namba zinageuka, na hapo ndipo wengi wanapoiunga 16 pahala pa 9. Namba zimeandikwa kwa herufi ndogo sana kwenye plastiki; tumia tochi ya simu.

7. Malizia laini ya CAN kwa rezista. Ndani ya gari laini hii ina rezista ya omu 120 kila mwisho, na ukipima baina ya nyaya mbili unapata omu 60. Mezani huna gari, kwa hiyo pima boksi likiwa limezimwa, CANH kwenda CANL. Ukipata karibu 120, boksi lina moja ndani, ongeza moja. Ukipata maelfu ya omu, halina, weka zote mbili. Ukimaliza, mita iseme 60. Ikisema 40 umezidisha.

8. Washa mara ya kwanza, na kikomo cha chini. Weka pawa saplai volti 12.5 na kikomo ampea 1. Rudia macho yako kwenye chanya na hasi, kisha yarudie tena. Washa swichi kuu peke yake: ampea zinapaswa kubaki karibu na sifuri. Washa swichi ya ufunguo: rilei ilie, taa iwake, na kioo kioneshe kitu kama ampea 0.2 hadi 0.9. Zikiruka hadi kikomo na volti zikaanguka, zima hapo hapo.

Huna pawa saplai bado? Tumia betri, lakini ipitishe kwenye balbu ya wati 21 iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa chanya. Pakiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu na kuzuia umeme usizidi kiasi cha ampea 1.75. Kama kila kitu ni sawa, balbu itabaki kizani au itakuwa na wekundu mdogo tu. Hii ni kinga ya fundi masikini na imeniokolea maboksi zaidi ya moja. Kabla ya kusoma au kuandika, itoe.

9. Pima VC. Mita kwenye VC na E2. Ukisoma volti 5, umeme wa ndani wa boksi uko hai na nafasi kubwa ni kwamba hata akili yake iko hai. Ukisoma sifuri mezani, ambako hakuna sensa hata moja iliyochomekwa, hapo tatizo ni la boksi. Kiandike kipimo hiki kwenye kipande cha karatasi ukibandike kwenye boksi. Utakuja kukihitaji.

Kama kuna CAN, pima pia CANH kwenda hasi na CANL kwenda hasi. Zote zicheze karibu na volti 2.5, H juu kidogo ya L.

10. Zungumza nalo. Chomeka kifaa, soma kodi. Utakuta kodi tele: P0113, P0118 na jamaa zake. Usishtuke, huna sensa ya joto la hewa wala ya maji. Ukitazama joto la maji utaona -40, na hiyo ndiyo maana ya waya uliokatika. Kodi hizo ni habari njema, boksi linakujibu. Toyota nyingi za soko la Japani za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 hazijui lugha ya kawaida ya OBD, na ELM327 itakaa kimya mbele yake. Ukimya huo hauthibitishi kifo. Rudi kwenye VC, rilei na taa.

11. Soma, kisha soma tena. Hamia kwenye betri. Laptopu ichomoe kwenye chaja, kwa sababu chaja za miguu miwili huvujisha umeme kidogo kwenye chuma chake, ule unaokutekenya ukiishika pekupeku. Zima usingizi wa kompyuta, zima matoleo mapya ya programu, tumia waya mfupi wa USB na usipitishe kwenye kigawanyio.

Soma faili, lihifadhi. Soma mara ya pili, lihifadhi kwa jina jengine. Yalinganishe baiti kwa baiti. Programu za bure za kulinganisha mafaili ziko nyingi. Yakitofautiana hata baiti moja, mawasiliano yako ni mabovu na hutakiwi kuandika kitu. Faili lililojaa FF tupu au 00 tupu nalo si faili, ni ukuta. Jina la faili liwe na namba ya gari, namba ya boksi, tarehe na neno ASILI. Weka pahala patatu: laptopu, flashi, na nje ya duka lako. Mimi nina faili la mwaka 2017 ambalo mwenyewe alirudi baada ya miaka mitano kuliulizia.

12. Andika, lakini si leo. Tafuta boksi la skrepa la aina hiyo hiyo. Lisome, kisha liandikie faili lake lile lile, bila kubadilisha kitu. Likiamka na kukujibu, njia yako nzima ni salama. Baada ya hapo tu ndiyo uguse la mteja. Kabla ya kubonyeza, pima betri: chini ya volti 12.2, ahirisha. Hakikisha programu inarekebisha cheksamu, ile hesabu ambayo boksi hujikagulia. Ikiwa si sahihi, maboksi mengi yatakataa kuwasha injini. Ukishabonyeza, usiguse meza. Simu usipokee. Watoto watoke nje.

13. Zima kwa utaratibu. Swichi ya ufunguo kwanza. Subiri rilei iachie yenyewe, pengine sekunde chache, pengine nusu dakika. Kisha swichi kuu. Ukikata yote kwa pamoja unalikatisha boksi likiwa linaandika kumbukumbu zake.

Kuhusu imobilaiza

Imobilaiza ni kinga ya wizi inayozuia gari lisiwake kwa ufunguo lisioujua. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Unanunua boksi la mtumba lenye namba ile ile, unalifunga, stata inazunguka, gari haliwaki. Boksi ni zima ila halizijui funguo zako. Kwenye Toyota nyingi za zamani habari za funguo ziko kwenye kumbukumbu ndogo ya EEPROM ndani ya boksi, kipande cha miguu minane, mara nyingi 93C56 au 93C66. Kazi ni kusoma kipande cha boksi la zamani na kukihamishia kwenye jipya.

Faili la 93C56 lina baiti 256, la 93C66 lina 512. Ukipata ukubwa mwengine umechagua aina isiyo yake. Vipande hivi husomwa kwa baiti moja moja au mbili mbili kutegemea mguu wake wa ORG, na ukikosea, herufi zote zinabadilishana nafasi na jirani yake. CH341A, kile kifaa cha bei ndogo ambacho kila mtu anacho, ni kizuri kwa vipande vya namba 24 na 25. Kwa 93 tafuta kifaa kinachovitaja waziwazi. Na usisome kwa klipu kipande kikiwa bado kwenye bodi ukaamini ulichopata, kwa sababu umeme wa klipu unaamsha na vipande vyengine vinavyoingilia. Kitoe, kisome mara mbili, kirudishe.

Maboksi ya Ulaya, kama EDC17 ya Bosch, hayana ukarimu huo. Habari ziko ndani ya prosesa na zina neno la siri, na meza yako itahitaji kifaa kinachoijua njia yake. Usianze nayo.

Ikigoma

*Kioo kinaonesha ampea sifuri hata ufunguo ukiwashwa.* Tisa kwa kumi ni hasi haijaingia au fyuzi imekatika. Pima volti kwenye pini ya IGSW yenyewe, sehemu waya unapoingia kwenye plagi, si kwenye swichi. Pini za plagi za mtumba hupanuka na hazishiki.

*Ampea zinagonga kikomo.* Chomoa boksi, washa tena. Zikibaki juu, shoti iko kwenye waya zako. Zikishuka, iko ndani ya boksi. Tafuta dayodi nene karibu na mahali umeme unapoingia. Hujitoa mhanga betri ikigeuzwa, na kuibadilisha mara nyingi kunarudisha boksi lote. Usiitoe ukaliacha bila kinga.

*Linajibu, kisha linanyamaza.* Hasi pungufu, rezista za CAN, au waya wa USB. Kwa mpangilio huo.

*Kuandika kumesimama njiani.* Usizime. Usichomoe chochote. Maboksi mengi yakikatizwa hubaki na sehemu ndogo ya kuanzia ambayo bado inasikiliza, maadamu umeme upo. Fungua tena programu na uandike faili la ASILI kutoka mwanzo. Likigoma kabisa, limebaki la kufunguliwa na kuandikwa kwenye bodi, na kama hujawahi kufanya hivyo mpelekee aliyewahi.

*Mezani zima, garini bovu.* Hili ndilo jibu zuri kuliko yote, ingawa mteja hapendi kulisikia. Nililetewa Noah ambayo mwenyewe alishaambiwa na fundi mwengine anunue boksi. Ufunguo ukiwashwa, taa ya injini haionekani kabisa, gari haliwaki. Nililitoa boksi nikaliweka mezani: rilei "tak", taa inawaka, VC volti 5. Nikalirudisha garini nikapima VC: sifuri. Maana yake kuna kitu garini kinaivuta hiyo volti 5 chini, na boksi limezimika kwa kujikinga. Nilichomoa sensa moja moja huku jicho liko kwenye mita. Ya mlango wa hewa, hakuna. Ya mgandamizo, hakuna. Nilipogusa waya zinazopita nyuma ya injini, VC ikaruka hadi 5 kisha ikaanguka. Waya wa VC ulikuwa umelala juu ya bomba la moshi, plastiki imeyeyuka, umegusa chuma. Nusu mita ya waya, na utepe.